Sijaachika, Nimechoka

Mimi nashona nguo Kibondo, karibu na soko, na nasema bila aibu yoyote: msimu wa sare za shule ukiisha, nafunga kibanda siku tatu nakwenda kulala. Siendi msibani wala kutibiwa. Nakwenda kulala. Wateja wangu wameshazoea, na asiyezoea namuuliza, mwanao si ana kaptula, sasa mimi unanidai nini tena?

Lakini mara ya kwanza, weee, nilizua balaa.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Tangu Krismasi nilikuwa sijanyoosha mgongo. Sketi za marinda, mashati meupe, mama huyu anataka leo hii, yule niliahidi jana. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukanyaga cherehani. Siku niliyokata kitambaa cha mtu nikakiharibu, mume wangu, ambaye ni mwalimu, alininyang'anya mkasi. "Nenda kwenu Nyakitonto ukalale," alisema. "Watoto nitabaki nao mimi." Nikatia nguo kwenye begi, nikapanda basi la Kasulu, nikamalizia kwa pikipiki.

Sasa kwetu sisi Waha, mwanamke aliyeolewa akitokea kwa wazazi wake peke yake, na begi, hana mtoto mgongoni wala kilo ya sukari mkononi, na msiba haupo, hakuna anayeuliza kulikoni. Inajulikana: huyo kaachika. Mimi mjinga nilisahau kabisa. Nilimsalimia mama, nikala maharage yake, nikajitupa kitandani mchana kweupe, nikalala fofofo.

Nilipofumbua macho, shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekaa pale miguuni. Kwetu shangazi ndiye anayemhoji binti mambo ya ndoa, na wangu hazunguki.

"Amekupiga?"

"Nani?"

"Usinifiche. Ana mwingine?"

"Shangazi, nimechoka tu. Nimekuja kupumzika."

"Mwanamke gani anachoka mpaka anaacha watoto? Sema, mwanangu. Sisi ndio wa kwenu."

Nikacheka, naye akaanza kulia. Hapo nikaacha kucheka. Kumbe wakati nimelala, baba alishampigia simu mume wangu: kesho uje, na uje na pombe. Ndiyo desturi. Mwanamume aliyemkosea mkewe humfuata ukweni na pombe ya ndizi, akataja kosa lake mbele ya wazee, ndipo akabidhiwe mtu wake.

Niliwaka. "Baba, mnamdhalilisha mtu asiye na kosa!" Baba akanijibu kwamba wanaume watazungumza. Roho iliniuma mno. Namjua mume wangu, si mtu wa ubishi. Angeweza kuomba msamaha wa bure ili mambo yaishe tu, na habari ingefika Kasulu siku hiyohiyo kwamba ananitesa. Na mimi nisingethubutu tena kuja kupumzika kwetu, maisha yangu yote.

Asubuhi akafika, vumbi mpaka kwenye nyusi, dumu limefungwa nyuma ya pikipiki. Akakaa kwenye kigoda mbele ya baba, baba zangu wadogo wawili na shangazi. Mimi nilisimama mlangoni.

"Haya," baba alisema. "Taja kosa lako."

Mume wangu akajifuta vumbi usoni. "Wazee wangu, kosa sina. Nimemtuma mimi mwenyewe. Huyu tangu Krismasi anawavalisha watoto wa Kibondo. Mabati ya nyumba yetu yametoka kwenye cherehani yake. Mkubwa wetu yuko sekondari kwa cherehani hiyohiyo, maana mshahara wangu peke yake usingetosha. Amechoka. Nikajiuliza, atalala wapi kwa amani kama si kwa baba yake? Pombe nimeileta kwa kuwa mmeniagiza. Kama ni lazima iwe ya kosa, naomba niirudishe."

Jamani, nilijivuna! Mtu wangu wa maneno machache, leo kayamwaga yote hadharani, tena ya kunisifu mimi. Sikuona haya kulia.

Baba alilitazama lile dumu. "Basi tutainywa kama ya kutembelewa," alisema. Walipomaliza, mume wangu akainuka, akanitazama kama mtu anayesubiri tuondoke. Baba akamzuia. "Unampeleka wapi? Siku zake hazijaisha. Rudi kwa watoto." Shangazi ndiye aliyeanza kucheka.

Nikarudi kitandani. Haikupita muda, jirani akaingia uani kwa sauti kubwa, amekuja kutupa pole. Nikamsikia baba akimkatiza.

"Punguza sauti," alimwambia. "Fundi amelala."

Miaka yote ninayoshona, sikuwahi kumsikia baba akiniita fundi. Usingizi uliruka palepale. Nikabaki nimefumba macho, nikiomba aje mgeni mwingine, baba aseme tena.