Siku Dorkasi Alipozima Mguso

Dorkasi wa Kwamndolwa leo hatulii. Tangu asubuhi kakaa, kasimama, kafagia duka lake la steshenari mara tatu. Miaka tisa amewajazia vijana wa Korogwe fomu za vyuo. Leo anajaza yake mwenyewe, ya uuguzi, na maombi yanafungwa saa sita kamili mchana.

Mwaka jana nafasi ilimponyoka hivi hivi. Alinyoosha mkono kumsalimu mteja, kiganja kikapapasa kile kibao cha kugusa cha kompyuta, na fomu ikaenda zake na kozi ya ufugaji nyuki. Nyuki! Dorkasi anayekimbia hata nzi! Alilia wiki nzima, msimcheke.

Safari hii kajihami. Kompyuta yake inatumia mfumo wa Linux. Akafungua mipangilio, akatafuta sehemu ya kibao, akazima kubofya kwa kugusa. Sasa ukikigusa tu hakisikii, mpaka ukibonyeze chini kilie "ka". Akakipapasa kwa makusudi. Kimya.

"Thubutu tena!" akakiambia.

Mtandao nao ukaanza kujivuta. Ilipobaki dakika tano ukurasa ukafunguka, na papo hapo akaingia Mzee Mbaruku wa Handeni, kaja kutoa kopi. Dorkasi akagusa "Tuma" harakaharaka, akainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaushika mkono. "Habari za hapa? Mama yako huko Mpale? Mahindi je?"

Dorkasi akajibu, jicho kwenye kioo cha kompyuta. Mbona fomu ipo vilevile? Mazoea yana taabu! Kagusa, hakubonyeza. Imebaki dakika moja, na mzee ndiyo kwanza anafika kwenye mvua. Kumnyang'anya mzee mkono katikati ya salamu, hata mlevi wa Magoma hathubutu.

Akauchomoa. Akabonyeza. Ka!

"Maombi yako yamepokelewa," kioo kikaandika.

Mzee Mbaruku akautazama mkono wake mtupu. Dorkasi akapiga magoti palepale, aibu imemjaa.

"Nisamehe, baba. Muda ulikuwa unaisha. Nilikuwa natuma maombi ya uuguzi."

"Ya nani?"

"Yangu mimi."

Mzee akanyoosha mkono upya.

"Inuka, nesi. Sijamaliza kukuuliza habari za mvua."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Dorkasi akampa mikono yote miwili, akaangua kilio.