Kinyonga Aliyenikalia Kichwani

Mama alipomfuata baba kaburini, mjomba alitugawa kama miche ya migomba. Mdogo wangu wa kwanza angehamia kwake, wa pili aende kwa mama mkubwa Mafiga, na kitinda mimba kwa mama mdogo Mzumbe. Mimi, niliyeacha shule kidato cha pili, nitafutiwe mume.

"Msiogope," alisema. "Sisi wote nyumba moja."

Kwetu Waluguru neno la mjomba ni zito. Nikamwomba kitu kimoja: nikipata kazi, tubaki pamoja.

"Kazi gani, mpwa wangu? Ya kuhesabu nyani?"

Hakukosea sana. Kijiji kilikuwa kinatafuta mtu wa kulinda msitu wa juu na kuongoza wageni. Siku ya usaili, mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi la kamati, mikono kifuani. Mwulizaji alikuwa mama mmoja wa mjini, mtaalamu wa wanyama.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Mtu aliyekata kuni kando ya msitu ule tangu utotoni anawajua wakazi wake kwa sauti. Aliponiuliza mbega analiaje, nikamwigiza: kama bodaboda inayogoma kuwaka. Mbwa wa mwenyekiti akabweka, na mbega wa kweli akajibu kutoka mlimani. Nikajua kazi nimepata.

Ndipo yule mama akafunua kikapu.

Alitoa kinyonga wa kijani, pembe tatu puani. Benchi la kamati likabaki tupu. Kwetu kinyonga haguswi. Bibi alitufundisha kwamba akikukalia, mkosi unaingia kwa watu wote wa nyumba yako.

"Mgeni lazima aone kwamba hana madhara," alisema mtaalamu. "Nyoosha mkono."

Niliwatazama wadogo zangu watatu, wamejipanga kwa kufuata urefu kwenye uzio. Nikanyoosha. Kinyonga akanitazama kwa jicho moja, jingine likimtazama mjomba. Kwa hofu, mdomo wangu ukatoa kilichokuwa karibu:

"Shikamoo."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kinyonga, bila kuitikia, akaanza kupanda, hatua moja, anafikiri, hatua nyingine. Akapita bega, akafika juu ya kilemba changu, akatulia. Nikabaki wima kama nguzo ya umeme huku nikiulizwa mtu akikutwa na msumeno msituni nifanyeje. Nikajibu yote bila kutikisa shingo.

"Kazi ni yako," alisema mtaalamu. "Mzee, hebu msaidie mpwa wako kumtoa."

Mjomba alikuwa tayari nyuma ya mti wa mfenesi.

"Mimi? Hapana, mama!"

"Si mlisema nyumba moja, mjomba?" mdogo wangu wa kwanza akapaza sauti.

"Nyumba moja na nani? Nyumba yangu ile pale, yenye bati jekundu! Hawa wana nyumba yao. Wakae hukohuko, wote wanne, na huyo wa tano!"

Mwenyekiti akamuuliza kama hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, mbele ya mashahidi. Mjomba akaapa.

Hatujaondoka hadi leo. Mjomba huja kutusalimia kila Jumapili baada ya misa, ila husimama njiani, na kabla ya kukaribia huniomba kwanza nivue kilemba.