Daktari wa Mama

Barua ya kuniita chuo kikuu kusomea udaktari ilipofika, mtaa wetu wa Makongeni haukungoja nisome. Nilianza kuitwa daktari kabla sijauona mlango wa darasa. Akina mama wa kanisani waliniombea, baba akawatangazia wenzake wa karakana ya reli, na kila Jumamosi nikirudi nyumbani mama aliniitia majirani wenye vidonda.

Mwaka wa pili nikaanguka mtihani. Nikarudia, nikaanguka tena, nikafukuzwa. Niliyemwambia ni mmoja tu, rafiki yangu niliyeishi naye chumba kimoja chuoni.

"Wazee wako usiwaambie saa hii, bana," akasema. "Hiyo itamuua mama yako. Kaa hapa kwangu, tutafute njia."

Alinipenda kweli, na ndiyo sababu nilimsikiliza. Nililala sakafuni kwake miezi saba, na kila Jumamosi nikaenda nyumbani na vitabu vyake vya udaktari kwapani. Njia yenyewe hatukuitafuta.

Kisha mama akaanza kukosa pumzi. Akitoka bombani na ndoo ilibidi akae chini njiani. Majirani wakamhimiza aende hospitali, akawacheka.

"Nipange laini ya nini na niko na daktari nyumbani?"

Akaniwekea mguu uliovimba juu ya stuli. Nikaubonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Nilijua ni moyo. Lakini hospitali kubwa ndiko walikokuwa walimu walionifukuza, na mama asingekubali kwenda bila mimi.

"Ni uchovu tu, mama. Pumzika."

Akanishukuru. Niliona haya hadi nikashindwa kunywa chai yake.

Alifariki wiki tatu baadaye, asubuhi, akikunja nguo.

Kwenye matanga, nyumba ikiwa imejaa watu wa kanisa, baba alisimama.

"Watu wanauliza mama alishikwa na nini," akasema. "Tuko na daktari hapa. Atatueleza."

Rafiki yangu, aliyekuwa mlangoni, akainamisha kichwa. Nikasimama. Nikaeleza jinsi moyo unavyochoka kusukuma damu, jinsi maji yanavyoshuka miguuni, yote kwa utaratibu. Sijawahi kujibu mtihani vizuri namna ile. Baba akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama mama angepona iwapo angewahishwa hospitali.

"Hapana," nikasema.

Baba akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia asante.