Jumamosi Yake, Jumapili Yangu

Mume wangu huabudu Jumamosi, mimi huabudu Jumapili. Tulipotaka kuoana, watu wa pande zote mbili walituuliza tutaishi vipi, nasi tukajibu kwamba kila mtu atashika siku yake. Hakuna aliyeridhika na jibu hilo, lakini mahari ilipokelewa, na arusi tukaifanya Alhamisi ili pasiwe na wa kulalamika.

Baadaye tukafungua bucha ya nyama choma Kikopey, kando ya barabara kuu, na kumbe ile tofauti yetu ilikuwa mtaji. Katikati ya wiki unachomea madereva wa malori, na wao hawana muda wa kukaa. Kazi yenyewe iko wikendi, watu wa Nairobi wakienda Nakuru na wengine wakirudi, familia nzima, wanaagiza mbavu na ugali na kutulia kabisa. Wenzetu wacha Mungu huumia roho kila wikendi, wafungue au wasifungue. Sisi hatukuumia. Ijumaa jua likikaribia kuzama, mume wangu alikuwa akivua aproni, hata kama mteja amesimama mbele yake akionyesha mguu anaoutaka, ananikabidhi kisu na kwenda nyumbani kuoga. Jumamosi yote ilikuwa yangu. Jumapili mimi nilivaa nguo zangu za kanisa, naye akashika kisu. Dereva mmoja aliyezoea kula kwetu akitoka Mai Mahiu alikuwa akiniuliza leo ni zamu ya Mungu gani. Nilicheka kila mara, na nikajiona mwerevu.

Kumwachia mfanyakazi hatukuweza. Tulijaribu wakati mmoja, na aliyeshika kisu akawa anawakatia rafiki zake mbavu na wageni shingo. Mgeni hatarudi mahali alipopewa shingo. Na mimi nilikuwa na mpango: tuchukue ploti ya nyuma, tujenge hoteli yenye uwanja wa watoto kuchezea, mtu asile mbiombio kwa sababu mtoto analia. Niliuota mpango huo hata nikiwa macho. Kila nilipowaza kufunga hata wikendi moja, niliona kama ukuta mmoja wa hoteli yangu umeanguka.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alienda kotekote. Jumamosi na baba, Jumapili na mimi. Alijua nyimbo za kwao na za kwetu, nami nilikuwa nikimtania kwamba shetani hatampata kwa kuwa hana siku ya bure. Alipofika umri wa kuelewa, akatuambia mezani kwamba anataka kubatizwa, na abatizwe kwa kina baba, kwa sababu rafiki zake wanabatizwa huko. Iliniuma, siwezi kuficha. Kanisani kwangu ndiko nilikomweka wakfu akiwa mchanga, nimembeba peke yangu mbele ya watu, baba yake akiwa kwenye bucha. Lakini nilimeza. Nikamwambia ni sawa, baba atakuwepo, nami jioni nitamchomea mbuzi wake wa sherehe.

Akaweka kijiko chini. "Mum, nibatizwe siku gani ndio mkuje wote wawili?"

Nilimjibu kwa ukali. Nikamwambia ubatizo ni kati yake na Mungu, na kwamba hiyo bucha ndiyo inayomsomesha. Akachukua kijiko chake, akaendelea kula. Nikamgeukia baba yake anisaidie, naye akawa anatafuta chumvi iliyokuwa mbele yake.

Hasira ile nilitembea nayo siku nyingi. Nilinoa visu ambavyo havikuwa butu, nikasugua meza hadi mchomaji wetu akaniuliza kama watu wa afya wanakuja. Jumamosi ya ubatizo ndiyo hiyo tuliyokuwa tumeagizwa nyama na kundi kubwa, watu watakaokuwa wakitoka Dundori kupeleka mahari, na mbuzi wao walikuwa wameshatengwa. Hao ndio wateja niliowataka kwa ile hoteli. Wakila vizuri hurudi na jamaa zao wote. Nilijiambia nitabaki. Nilijiambia hivyo tena na tena, na kila mara nilijua kwamba mbuzi wapo kila wiki, lakini mtoto habatizwi mara mbili.

Alhamisi nikampigia mkubwa wa lile kundi, nikamwambia tutafunga. Akauliza ni nani hufunga bucha Kikopey Jumamosi. Nikamwelekeza kwa jirani yetu, mama ambaye nimevutana naye wateja tangu siku ya kwanza. Jirani aliwapokea wale mbuzi akiniangalia usoni, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia ni ubatizo wa mtoto. Akasema basi nisijali, atawachomea vizuri, na nilijua atawachomea vizuri sana na sitawaona tena. Hiyo nayo iliniuma. Mume wangu nilipomwambia, alisema tu, "Asante, mama," na Ijumaa akanisaidia kufunga mlango kabla jua halijazama.

Kanisani kwao niliketi kando yake. Sikuwa nimeketi na mume wangu kanisani tangu arusi. Wazazi wa kila mtoto waliitwa kusimama karibu na kidimbwi, na tulipoitwa sisi, tulisimama wawili, nikasikia minong'ono nyuma yangu. Binti yetu akazamishwa, akaibuka akikohoa maji, na alipotuona pamoja akacheka mbele ya kanisa zima. Nilifurahi hadi nikasahau kumpa taulo.

Ibada ilipoisha, nyanya mmoja mwenye kofia nyeupe alinishika mkono mlangoni, akaniuliza kama mimi ni dada ya baba ya mtoto. Nikamwambia hapana, mimi ndiye mama yake. Hakuniachilia mkono.

"Tusamehe, mama," akasema. "Sisi tulijua mama ya huyu mtoto alikufa. Kikundi chetu cha maombi kimekuwa kikimwombea huyu baba Mungu ampe bibi mzuri."

Nilitafuta hasira yangu, ambayo huwa haiendi mbali, sikuipata. Mama wa watu alikuwa ameona mwanamume na mtoto wakija peke yao kila wiki, miaka na miaka. Angefikiria nini kingine? Niliona aibu, kisha kicheko kikanijia.

"Basi maombi yenu yamejibiwa," nikamwambia. "Nimefika."

Nikawakuta mume wangu na binti yangu wakinisubiri kwenye gari. Nikamwambia mume wangu kesho asifungue bucha, apige suti yake pasi twende sote kwangu, maana kule nako lazima kuna kina mama wanaoniombea.