Mkwe asiyeongea

Wenye wakwe, njooni hapa.

Mwenzangu wa redioni haongei mbele ya mama mkwe wake. Ni heshima tu.

Leo mama huyo ametoka kwake Milepa hadi kwa mwenzangu, Chanji, kumchukua binti yake amrudishe kwao. Nilikuwepo, nimeketi na mwenzangu.

"Mumeo ana kiburi. Hata shikamoo hanipi!"

Binti akawasha redio.

Kipindi cha mumewe, kilichorekodiwa jana: "Ndugu msikilizaji, ukimya si kiburi. Haiba ya mtu huwezi kuijua kwa kumwona sehemu moja." Kisha akatania, akacheka.

Mama naye akacheka. "Ungeolewa na huyu, mwanangu!"

"Mama, ndiye huyu."

Mama akamgeukia mkwewe. "Kweli, baba?"

Jamaa akaangalia zulia.

Mama akaongeza sauti ya redio. "Tulieni, nimsikilize mkwe wangu."