Sijali, Mbwa wa Uwanjani kwa Bibi

Wiki iliyopita, sokoni Kibondo, nilisikia mbwa mdogo akibweka nyuma ya magunia ya maharage. Sauti nyembamba, haivuti pumzi. Nikasimama na kikapu changu mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Siumwi, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi Kagerankanda, uwanjani kwa bibi, kwenye harufu ya mihogo iliyoanikwa na moshi wa kuni mbichi.

Mbwa wetu aliitwa Sijali. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa ukimkemea alikutazama kwa heshima zote, kisha akaendelea. Alikuwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya ungo. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia, na kila aliyepita alibwekewa: akina mama wenye madumu ya maji, wanaume wanaosukuma baiskeli za ndizi, hata katekista. Kwetu salamu haina haraka. Mtu husimama, hupiga makofi polepole, huuliza watoto, mihogo na mvua. Sijali aliibwekea salamu yote mpaka mwisho.

Bibi masikio yake yalikuwa yamekwisha. Redio hakuisikia, wala kengele ya kanisa. Lakini sauti ile nyembamba ilipenya. Alikuwa akipepeta maharage, Sijali akaanza, naye akainua kichwa, akajifuta mikono kwenye kitenge na kuita salamu yetu, "Mwakeye!" kabla mgeni hajafika. Alipenda kusema, "Mgeni asiyebwekewa ni upepo tu." Sisi tulicheka. Tulidhani ni utani wa wazee.

Jirani yetu alikuwa muuguzi, aliyeletwa kituo cha afya kutoka Tanga. Alifanya zamu za usiku, akalala mchana, au alijaribu. Kwanza alituma salamu kwamba mbwa anamnyima usingizi. Kisha akaja mwenyewe, kanga begani, macho mekundu.

"Mama," alimwambia mama yangu, "sikuja kugombana. Jana nimesinzia nimeshika sindano, na mtoto mdogo nimemshika mkono. Nikikosea, utasema ni mbwa?"

 Tangu siku hiyo tulihangaika. Baba alizungushia uwanja matete ili Sijali asione njia, lakini mbwa akabwekea nyayo alizozisikia. Tulimfunga nyuma ya jiko. Akabweka huku akijinyonga na kamba, ikawa mbaya zaidi. Mimi nilipewa kazi ya kukaa naye na dagaa mkononi. Akitokea mtu, nimwite Sijali kabla hajafungua mdomo, nimwambie, "Hora, hora," yaani nyamaza, akinyamaza apate dagaa. Kwa wenye baiskeli ilifaa kidogo. Kwa aliyebeba mzigo kichwani, alimeza dagaa kwanza, ndipo akabweka.

Hatimaye lori la maharage lililokuwa likipitia Kibondo hadi Kakonko lilisimama barabarani, na baba akampandisha Sijali apelekwe mbali. Bibi alikuwa shambani. Aliporudi, baba alimweleza kwa kumpigia kelele sikioni. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumenya mihogo.

Baada ya siku chache yule muuguzi, usingizi umemrudia, alikuja na sukari kushukuru. Alisimama nyuma ya bibi, akapiga makofi kama tulivyomfundisha, akasalimia. Bibi aliendelea kupepeta. Muuguzi akamgusa bega. Bibi aliruka kwa woga, ungo ukaanguka, maharage yakatapakaa uwanja mzima.

"Kumbe hasikii?" muuguzi aliuliza, akiokota huku analia. "Kwa nini hamkuniambia?"

Hatukumwambia kwa sababu wenyewe hatukuwa tumeelewa kwamba Sijali ndiye aliyekuwa masikio yake.

Yeye ndiye aliyemsihi baba amfuate mbwa. Baba alimpata dereva. Dereva akasema Sijali aliruka karibu na Mtendeli. Kambi ya wakimbizi ya hapo wakati huo ilikuwa imefungwa kwa mara ya kwanza, wenyewe wamerudishwa kwao, mbwa wao wamebaki. Baba alizunguka kwenye mabaki ya vibanda akiita, "Sijali! Sijali!" Walikuja mbwa wengi, wamekonda, wakamfuata mpaka barabarani. Wetu hakuwamo.

Tulileta mtoto wa mbwa. Alikuwa mpole, akakua mkubwa, akibweka kwa sauti nzito ambayo bibi hakuisikia. Bibi akahamisha kigoda chake ndani, mgongo ukutani, asije akaguswa tena. Jioni alimwuliza mama, "Leo hakupita mtu?" Mama alimtajia majina, akipaza sauti. Baadaye akachoka. Sote tulichoka. Bibi alikufa akiamini kwamba watu wameacha kupita.

Siku hizi ni kweli. Watu wanapanda bodaboda kwenye barabara kubwa, na ile njia ya kwetu imeota nyasi.