Sungura wangu walikula zawadi ya jirani

Aliyewahi kuaibika kunishinda leo aseme, nisijione peke yangu.

Asubuhi Mama Babirye, jirani yangu hapa Nsambya, alipita. Nikamwonyesha kwa majivuno viazi vitamu nilivyochipusha kwenye kopo la maji dirishani, wiki sita, kama kwenye video ya watu wa nchi za baridi.

Miche mitatu.

Akasikiliza somo langu lote kwa adabu. Kisha akauliza, "Nyabo, na yale marando ya viazi niliyokuletea ulipohamia, yalishika?"

Nilidhani ni majani ya sungura. Waliyamaliza siku ileile.

Nikamwambia ukweli. Akaaga, akaenda zake.

Jioni amerudi na fungu jingine. "Haya ni ya kupanda. Sungura waambie yao walishakula."

Nimeyapanda nimeinama, na sikuinua kichwa mpaka alipoondoka.